Nyanya zimeungua kwa baridi: nipande lini Leipzig?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, sasa naishi Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, na tuna kibustani cha kukodi. Mwaka 2024 Aprili iliingia na joto, nikavaa kandambili, nikapandikiza nyanya, nikasia mchicha na kunde. Wiki moja kabla ya mwezi kwisha niliamka nikakuta kila kitu kimelala, cheusi, kama kimemwagiwa maji ya moto. Mwaka jana nikaogopa, nikangoja mpaka katikati ya Juni. Nyanya nyingi zikabaki kijani hadi Oktoba, na bamia sikupata hata moja. Mzee wa bustani ya jirani aliniambia nisubiri "watakatifu wa barafu" wapite, nikadhani ananitania. Sasa ni Machi tena. Nipande lini? — M., Leipzig

JIBU: Marahaba, dada M. Pole kwa nyanya, lakini usijione mshamba. Wiki ile ile ya Aprili 2024 wakulima wa matunda na mizabibu wa Saxony, jimbo lenu hilo, watu waliorithi mashamba kwa babu zao, walipata hasara kubwa. Joto la mwanzo wa mwezi lilikuwa limeiamsha miti mapema, maua yakafunguka, halafu kati ya tarehe 22 na 24 jalidi, yaani baridi ya kugandisha maji, ikayakuta wazi. Kama wao walipigwa, wewe mwenye mwaka wa kwanza ungeponea wapi?

Na mzee wako hakukutania. Nitamrudia.

Kwanza tuelewane kuhusu usiku ule, maana kosa lako halikuwa la tarehe peke yake. Uliangalia mchana. Pwani yetu ukiona mchana una joto, usiku nao hautakwenda mbali. Tofauti ni nyuzi chache, na shuka moja inatosha. Leipzig mwezi Aprili mchana unaweza kufika nyuzi 20 na usiku unaofuata ukashuka chini ya sifuri. Tena mara nyingi ni ule mchana mzuri unaozaa usiku mbaya, kwa sababu vyote viwili vinataka anga lisilo na wingu. Mawingu ni blanketi la ardhi. Yakiwapo, joto lililoingia udongoni mchana halipotei haraka. Yasipokuwapo, na upepo ukatulia, ardhi inalipeleka joto lake lote angani, na hewa iliyogusana na ardhi inapoa kuliko ya juu. Kwa hiyo ukitoka nje saa mbili usiku ukaona nyota zote zimejitokeza, jani halitikisiki na mikono inaanza kuuma, usiende kulala kabla hujafunika miche.

Hewa baridi ni nzito. Inateremka kama maji, inajaa penye bonde, inakwama nyuma ya ukuta au ua wa miti. Mwaka wangu wa kwanza huku Ujerumani nilipanda mistari minne ya nyanya kwenye mteremko mdogo sana, ambao usingeuona bila kubingirisha mpira wa watoto. Chini kabisa palikuwa na ua mnene wa michongoma. Asubuhi moja ya Mei mistari miwili ya chini ilikuwa imekufa, wa tatu umekauka ncha, wa nne hauna hata kovu. Kati ya mfu na mzima palikuwa na hatua tano. Tangu hapo sehemu ile ya chini ninaweka vitunguu na sukuma wiki, na ua nimeutoboa chini ili baridi ipate pa kutokea.

Jambo la pili ni hiyo simu yako. Vituo vya hali ya hewa vinapima joto la hewa mita 2 kutoka ardhini. Miche yako ina urefu wa kiganja. Usiku mtulivu wenye nyota, pale chini panaweza kuwa na nyuzi tatu au nne pungufu ya zile za simu. Simu ikikuandikia nyuzi 3, hesabu sifuri bustanini. Nunua kipimajoto cha bei rahisi chenye kukumbuka kiwango cha chini cha usiku, kilaze usawa wa miche, kisome kila asubuhi kwa wiki mbili. Utaijua bustani yako kuliko taarifa yoyote ya habari.

Haya si mageni Afrika Mashariki, ila sisi wa pwani hatuyaoni. Januari 2012 jalidi iliunguza chai Kericho na Nandi, karibu kabisa na ikweta, kwa sababu zile zile: kiangazi, anga tupu, usiku mtulivu, mwinuko mkubwa. Nilipokuwa nafanya kazi Njombe niliona Julai viazi vya bondeni vimebabuka na vya mgongoni mwa kilima vinachanua. Tofauti ni kwamba Njombe ukiunguziwa, msimu mwingine uko mbele yako. Leipzig miezi ya kulima imehesabiwa. Ukipanda mapema unaunguziwa, ukichelewa nyanya zinakutwa na Oktoba bado kijani, na yote mawili umeshayaonja. Dawa yake ni kuufungua msimu ndani ya nyumba, kisha kuutoa nje kidogo kidogo.

Sasa watakatifu wa mzee wako. Wajerumani wanawaita Eisheilige, na ni siku za watakatifu wa kalenda ya Kikatoliki: Mamertus tarehe 11 Mei, Pankratius 12, Servatius 13, Bonifatius 14, na wa mwisho tarehe 15 ni mwanamke, Sophie, ambaye wanamwita Sophie wa baridi. Kanuni ya wazee ni kwamba mmea unaoogopa baridi hautoki nje mpaka Sophie apite. Si amri ya mbinguni; miaka mingi siku hizo hupita na jua kali. Isitoshe, imani hii ni ya zamani kuliko kalenda tunayotumia, na kalenda ilipobadilishwa mwaka 1582 zilirukwa siku 10, kwa hiyo zile siku za asili zingeangukia baada ya tarehe 20 Mei ya sasa. Mimi nafanya hivi: baada ya tarehe 15 naangalia utabiri wa usiku kumi zijazo. Usiku zote zikiwa juu ya nyuzi 8, napandikiza. Ikiwa kuna usiku wa nyuzi 3 au 4, nasubiri, hata jirani akiwa ameshapanda.

Ila hiyo tarehe 15 si ya kila mboga, na hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza miezi miwili bure. Tumezoea bustani inayopandwa siku moja. Huku kuna mboga zinazoipenda baridi. Spinachi, figili, karoti, njegere, vitunguu, saladi: hizo unazisia nje mwishoni mwa Machi na Aprili, udongo ukishaacha kunata kama ugali mbichi mkononi. Viazi mviringo vinaingia ardhini Aprili. Vikichomoza mapema vipandishie udongo juu, na hata vikiunguzwa majani vitachipua tena kutoka chini. Sukuma wiki haina shida na jalidi. Kwa hiyo wiki hii, dada, una kazi tayari. Usikae ukimngoja Sophie mikono mitupu.

Waoga ni hawa: nyanya, pilipili, biringanya, nyanya chungu, bamia, maboga, matango, maharage, kunde, mchicha, matembele. Hawa hawahitaji jalidi ili waharibike. Udongo wa nyuzi 8 tu unatosha kuozesha mbegu ya maharage kabla haijaota. Bonyeza kipimajoto udongoni kina cha kidole, saa mbili asubuhi. Maharage na mahindi yasubiri nyuzi 10 hadi 12. Kunde na mchicha ziachie mpaka udongo ufike 15. Mchicha niliosia tarehe 25 Mei umewahi kuupita ule wa tarehe 5 Mei, kwa sababu wa kwanza ulikaa ardhini umejikunyata wiki tatu.

Kwa wale waoga wanaohitaji msimu mrefu, kitalu chako ni sebule. Nyanya unaziatika katikati ya Machi, yaani sasa. Pilipili, biringanya na nyanya chungu zilitakiwa Februari; bado unaweza, ila usilaze siku nyingine. Maboga na bamia ngoja mpaka wiki ya pili au ya tatu ya Aprili, kila mbegu kwenye kikopo chake, maana mizizi yake haipendi kuguswa. Bamia iloweke usiku kucha, kisha iweke mahali penye joto la nyuzi 25 hivi. Juu ya jokofu au karibu na hita panafaa. Mbegu inataka joto, si mwanga. Lakini ikichomoza tu, mambo yanageuka: sasa inataka mwanga mwingi na joto kidogo. Hapa ndipo miche ya dirishani hurefuka kama uzi na kuanguka, kwa sababu Machi ya Leipzig mwanga ni mdogo na hita iko chini yake inaisukuma ikue. Ihamishe penye nyuzi 16 hadi 18, dirisha la kusini, ikiwezekana na taa ya kukuzia mimea juu yake. Mche mfupi, mnene, wenye shina la rangi ya zambarau kidogo ndio unaoutaka. Mrefu na mzuri wa kupiga picha hautafika mbali.

Kisha kuna wiki moja ambayo watu wanairuka, halafu wanalaumu mbegu. Mche uliokulia nyuma ya kioo haujawahi kuonja upepo, na kioo kimeuzuilia sehemu kubwa ya ule mwanga mkali wa jua unaounguza ngozi. Ukiutoa moja kwa moja juani, kesho yake majani yana mabaka meupe kama karatasi. Hiyo si jalidi wala ugonjwa, ni kuungua jua. Siku ya kwanza utoe saa moja tu, kivulini, penye upepo mdogo. Siku ya pili saa mbili au tatu. Siku ya nne upate jua la asubuhi. Siku ya saba au ya kumi ulale nje, kama usiku ni salama. Mimi natumia kreti za soda: naingiza na kutoa zote kwa safari mbili, na mke wangu ananiuliza kama naanika dagaa.

Sasa tuseme umepandikiza tarehe 18 Mei, na tarehe 22 simu inasema nyuzi 2. Usipanik. Huku madukani kuna kitambaa cheupe chepesi wanachokiita Vlies. Kinakupa nyuzi mbili au tatu za ziada, ukikikunja mara mbili kidogo zaidi, na hilo ndilo pengo lenyewe kati ya kuishi na kufa. Huna Vlies, shuka kuukuu, gunia au ndoo iliyopinduliwa inatosha kwa usiku mmoja. Nailoni ni ya mwisho, na isiguse majani, maana palipogusa ndipo patakapoungua. Muhimu ni saa ya kufunika. Mmea hauna joto lake. Unachofunika ni joto la udongo. Funika jua likiwa bado linatua, kitambaa kifike chini pande zote ukikandamize kwa mawe. Ukikumbuka saa tano usiku, joto limeshaondoka na unafunika baridi. Asubuhi funua, ili wadudu wachavushaji wafike na udongo uchukue joto jipya. Tena udongo mkavu hauweki joto. Mwagilia mchana wa kabla, udongoni, si kwenye majani.

Na matandazo. Najua tumefundishwa kutandaza nyasi kila mahali, na Morogoro ningekupigia makofi. Huku Aprili na Mei nyasi zile zinafanya kazi mbaya mara mbili: mchana zinaukinga udongo usipate jua, usiku zinazuia joto kidogo lililomo lisiufikie mche. Ziondoe mwisho wa Machi, acha udongo mweusi uote jua, kisha zirudishe katikati ya Juni ukame unapoanza.

Wenye mashamba makubwa ya matunda wana mbinu ambayo mara ya kwanza niliidhani ni wazimu: usiku wa jalidi wananyunyizia maua maji mpaka yavikwe barafu. Maji yanapoganda yanatoa joto, na alimradi hawaachi kunyunyizia, ua ndani ya lile ganda linabaki kwenye sifuri na haliumii. Wenye mizabibu wengine huwasha mamia ya makopo ya nta kati ya mistari. Usijaribu lolote kati ya haya kwa nyanya kumi na mbili.

Turudi kwenye bamia, maana nahisi ndiyo iliyokuuma zaidi. Bamia haikufa, ilizira. Inataka usiku wenye joto, na usiku wa Leipzig hata Julai mara nyingi uko chini ya nyuzi 15. Juu ya hapo, mwanzo au katikati ya Juni kunakuwa na ubaridi mwingine, ambao Wajerumani wanauita baridi ya kondoo kwa sababu huwakuta kondoo wameshanyolewa. Bondeni kwenu hauui mmea, ila bamia iliyopandwa wiki hiyo inanuna na haichangamki tena. Ipe kitalu nyumba kama chama cha bustani yenu kinaruhusu. Kama hakiruhusu, iweke kwenye ndoo kubwa nyeusi mbele ya ukuta unaoelekea kusini. Nasema kusini makusudi. Muheza jua linakupitia utosini, miezi mingine kaskazini, mingine kusini. Leipzig adhuhuri jua liko kusini mwaka mzima, Juni limepanda nyuzi 62 hivi kutoka upeo, Desemba 15 tu. Ukuta wa kusini unakunywa joto mchana na kulitoa usiku. Kwa sababu hiyo hiyo mahindi na maharage ya kupanda mitini yakae upande wa kaskazini wa bustani, la sivyo yatawatia wenzake kivulini.

Kunde nazo zina hadithi yake. Mbegu nyingi za kwetu zimezoea mchana wa saa 12, na ndio unaoziambia zitoe maua. Juni ya Leipzig mchana unapita saa 16. Kunde inaendelea kutoa majani, inasubiri siku zifupike, na zikishafupika jalidi iko mlangoni. Kwa hiyo lima kunde ya majani, chuma kila wiki, na maganda sahau. Mbaazi usihangaike nazo kabisa. Mchicha ndio unaofaidi: siku ndefu zinauchelewesha kutoa maua, na Julai utagawa kwa majirani. Majani ya maboga vivyo hivyo, na hapo Mjerumani hana mashindano nawe, yeye anataka boga tu.

Neno moja kuhusu mbegu: usizifiche kwenye sanduku ukitoka likizo Tanga. Tangu Desemba 2019 mbegu za kupanda zinazoingia Umoja wa Ulaya zinatakiwa cheti cha afya ya mimea, na uwanja wa ndege watazitupa. Mbegu za mchicha zinauzwa huku huku kwa jina la Amarant, bamia kwa jina la Okra, na kwenye maduka ya Waasia utapata zaidi.

Nyanya za mwaka jana zilizobaki kijani, mwaka huu zisikuache hivyo. Mwanzo wa Agosti kata ncha ya shina, uondoe na maua mapya, nguvu iende kwenye matunda yaliyopo. Usiku wa kwanza wa jalidi Oktoba ukitangazwa, chuma zote, hata za kijani, uziweke ndani kwenye boksi pamoja na tufaa moja lililoiva. Zitageuka rangi moja moja mpaka Novemba. Maboga yaingie siku hiyo hiyo. Sukuma wiki iache nje. Ikipigwa na baridi inakuwa tamu, kwa sababu mmea unaongeza sukari kwenye majani ili yasigande haraka, na Wajerumani wa kaskazini hawaigusi Grünkohl yao, ndugu ya sukuma wiki, kabla ya baridi kali.

Matembele ndiyo ya mwisho kuokoa na rahisi kuliko yote. Kabla ya jalidi kata vipande vitano vya mti wake, vya urefu wa kiganja na nusu, uvitie kwenye glasi ya maji dirishani jikoni. Badilisha maji kila wiki. Vyangu viko pale tangu Oktoba, mizizi imejaa glasi nzima, na mwanzo wa Aprili nitavihamishia kwenye vikopo vya udongo tayari kwa tarehe 20 Mei.